Mashine iliyosoma Ebola isome na majani ya maboga

MAONI – Butembo, Kivu ya Kaskazini

Mkaaji wa Butembo au Beni hana haja ya kufundishwa virusi ni nini. Tangu tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa baada ya kuonekana Mangina, hadi tarehe 25 Juni 2020 ilipotangazwa kwamba imekwisha, wagonjwa 3,470 walihesabiwa na 2,287 kati yao walikufa. Katika miaka hiyo maneno ya maabara yaliingia sokoni, kanisani na juu ya pikipiki: sampuli, kipimo, chanjo, watu waliogusana na mgonjwa.

Kazi moja ya maabara haikusemwa sana redioni, ingawa ilisaidia sana. Ni kusoma jeni za virusi. Taasisi ya taifa ya utafiti wa kitiba, INRB, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, ilifanya kazi hiyo hadi Katwa, ndani ya mji wa Butembo. Kwa sampuli zilizochukuliwa kati ya Julai 2018 na Aprili 2020, wataalamu wa taasisi hiyo walisoma jeni za virusi 744. Kila moja ilisaidia kujua nani aliambukizwa katika mlolongo gani, na ugonjwa ulipitia njia ipi kutoka eneo moja la afya kwenda lingine.

Matunda yake yalionekana tena Februari 2021, Ebola iliporudi upande wa Biena na Butembo. Watu waliuliza: imetoka porini tena, au ni ile ya zamani? Jeni zilijibu kwamba virusi vile vilikuwa uzao wa vile vya 2018. Basi watoa huduma wakajua waanzie wapi: kwa waliopona na jamaa zao, si kwa wawindaji na nyama ya mwituni. Wagonjwa walikuwa 12, wakafa 6, na tarehe 3 Mei 2021 ugonjwa ukatangazwa kwisha. Agosti 2022 mama mmoja alipokufa Beni, swali liliulizwa hivyo hivyo na jibu likapatikana kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo ujuzi huu umeshafika hapa, tena umeshafanya kazi katika ardhi hii. Inabaki kuuliza kwa nini unaishia kwa binadamu, wakati shambani kuna virusi vinavyokula chakula chake kila msimu na hakuna anayeviuliza jina.

Boga ni akiba ya nyumba

Boga si zao la kutajirisha mtu. Halina ofisi ya serikali kama kahawa wala wanunuzi wenye magari kama kakao. Lakini katika nyumba nyingi za Butembo, Beni, Oicha, Lubero na vijiji vinavyozunguka, linapandwa katikati ya mahindi na maharagi, au nyuma ya jiko mahali taka zinapotupwa. Majani yake machanga ni mboga. Tunda likikomaa linakaa wiki nyingi bila kuoza, na linachemshwa asubuhi mkate unapokosekana. Mbegu zake, mbika, zinakaangwa na kusagwa kuwa mchuzi. Mama anayeuza mafungu ya majani kando ya njia anapata pesa ya chumvi na sabuni bila kumwomba mtu.

Thamani hiyo imepanda kwa sababu ya vita. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni yamewafanya watu wengi kuacha mashamba yao ya mbali. Anayeogopa kwenda kulima kilomita kumi kutoka nyumbani analima kipande kilicho karibu na mlango. Kipande hicho ni kidogo, na mimea iliyomo inahesabika. Maboga sita yakiugua kati ya kumi, nyumba hiyo haina shamba lingine la kukimbilia.

Dalili zake zinajulikana na kila mkulima. Jani linakuwa na madoa ya kijani kibichi na ya manjano, kama kitambaa kilichofifia. Linakunjamana, ncha zake zinakuwa nyembamba kama vidole. Mmea unadumaa. Tunda linatoka dogo, lenye vinundu na rangi isiyo sawa, na sokoni hakuna anayelitaka. Kuna anayesema ni mvua nyingi, kuna anayesema ni udongo uliochoka, na kuna anayemtazama jirani kwa jicho baya. Wengi wanakwenda dukani, wanaeleza kwa mdomo walichokiona, wanapewa chupa ya dawa ya wadudu na kurudi kupuliza. Wiki mbili baadaye majani ni yale yale, na pesa imekwenda.

Jani moja, wezi watano

Jicho peke yake haliwezi kuamua kesi hii, hata likiwa jicho la agronomu mwenye miaka thelathini ya kazi. Virusi vingi tofauti vinaandika alama zinazofanana juu ya jani la boga. Kuna virusi vya mozaiki ya manjano ya zukini. Kuna virusi vya mozaiki ya tikiti vya Moroko, vilivyoelezwa kwa mara ya kwanza katika nchi hiyo mwaka 1974 na ambavyo sasa vimeonekana katika nchi nyingi za Afrika. Kuna virusi vya mozaiki ya tango, vinavyoingia katika mamia ya aina za mimea. Kuna virusi vya mozaiki ya boga lenyewe. Kuna na vile vinavyogeuza majani kuwa manjano tu, ambavyo mkulima anavichanganya kwa urahisi na njaa ya mbolea.

Vyote hivyo havina dawa ya kuponya. Mmea ulioambukizwa umeambukizwa. Lakini kila kimoja kina njia yake ya kusafiri, na ndiyo maana jina lina faida.

Virusi vya zukini na vya Moroko vinabebwa na vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaokaa chini ya majani. Kidukari hahitaji kukaa na kula. Anatua, anaonja jani kwa sekunde chache, anaondoka, na jani la pili analoonja limeshaambukizwa. Dawa ya kupuliza itamuua, lakini itamuua akiwa ameshamaliza kazi yake. Kumbe mkulima anayepuliza kila wiki dhidi ya virusi vya aina hii ananunua matumaini tu, tena anaua na nyuki wanaochavusha maua ya boga lake.

Virusi vya mozaiki ya boga vinabebwa na mbawakawa wanaotafuna majani, na vinapita pia ndani ya mbegu. Hapo kazi ni kuchunga mbegu na kumzuia mbawakawa. Baadhi ya virusi vya majani ya manjano vinabebwa na vidukari pia, lakini kidukari anahitaji kunyonya kwa muda mrefu ndipo avipate na kuvitoa. Hapo dawa ya wadudu ikitumiwa mapema inaweza kusaidia. Virusi vya zukini navyo vinaweza kupita katika mbegu, ingawa ni katika chache sana, kama moja au mbili kati ya mia. Moja inatosha kuwasha moto. Vidukari watafanya mengine.

Mkulima mmoja, jani moja lenye madoa, na mashauri manne yanayopingana. Asiyejua jina la virusi anachagua kwa kubahatisha.

Mipapai ilikwisha kutoa somo

Anayedhani haya ni mambo ya wasomi wa mbali akumbuke mipapai. Eneo la Beni linajulikana kwa utomvu wa papai unaokaushwa na kuuzwa nje kwa jina la papaini. Mipapai yenye majani ya mozaiki ilipoonekana, jina la kwanza ambalo mtaalamu yeyote angelitaja ni virusi vya mabaka ya duara ya papai, kwa sababu ndivyo vinavyojulikana dunia nzima kwa kuangamiza mipapai. Mwaka 2008 jarida la Plant Pathology lilichapisha taarifa fupi ya kundi la watafiti, akiwemo Vigheri wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, UCG, cha Butembo. Virusi vilivyotambuliwa katika mipapai ya Kongo vilikuwa vile vya tikiti vya Moroko, yaani virusi vya jamii ya maboga.

Jambo hilo lina uzito kwa mkulima. Likiwa kweli katika shamba lake, boga linalotambaa chini ya mpapai linaweza kuwa ndilo ghala la ugonjwa wa mpapai, na mpapai unaoishi miaka kadhaa unaweza kuwa ndio unaowarudishia maboga ugonjwa kila msimu. Kung'oa mpapai mmoja mgonjwa kunaweza kuokoa maboga ishirini. Ushauri wa namna hiyo hautoki katika kutazama majani. Unatoka katika kusoma jeni.

Kenya walipitia njia hiyo hiyo baadaye. Kwa muda mrefu ugonjwa wa mabaka ya papai ulidhaniwa unatokana na virusi vile maarufu, lakini kila walipopima kwa vipimo vinavyotafuta virusi hivyo tu, majibu hayakueleweka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wataalamu walikusanya majani katika kaunti 22 na kusoma kila jeni iliyokuwamo katika sampuli 48. Sampuli 38 zilikuwa na virusi. Vilipatikana virusi vya aina nne: vile vya tikiti vya Moroko, na vingine vitatu vya ukoo mwingine kabisa. Waliokuwa wakitafutwa miaka yote hawakuwa ndio wezi.

Tofauti ya vipimo ndiyo hii. Kipimo cha kawaida cha maabara kinauliza swali moja: "Je, fulani yumo?" Akiwa hayumo, kinanyamaza, hata kama nyumba imejaa wezi wengine. Kusoma jeni kunauliza: "Humu ndani kuna nani?" na kusikiliza majibu yote.

Inafanyikaje?

Kazi yenyewe si uchawi. Kipande cha jani kinasagwa na kuchujwa mpaka kibaki kile kinachobeba maandishi ya urithi, ya mmea na ya virusi pamoja. Virusi vingi vya maboga vinaandika kwa RNA, kwa hiyo maandishi hayo yananakiliwa kuwa DNA ambayo mashine inaisoma vizuri zaidi. Mashine inasoma herufi moja baada ya nyingine, na ziko nne tu. Kisha kompyuta inalinganisha maandishi hayo na hazina kubwa ya kimataifa ambamo watafiti wa nchi zote wameweka jeni walizosoma. Vikifanana na vya zukini, jina limepatikana. Vikifanana nusu nusu, huenda ni kitu kipya ambacho hakijapewa jina.

Virusi vya Ebola vina herufi karibu 19,000. Vile vya zukini na vya tikiti vya Moroko vina kama nusu ya hizo. Aliyeweza kusoma barua ndefu hashindwi na fupi, na barua hii haiui anayeifungua: jani la boga halihitaji mavazi ya kinga yale yaliyowatisha watoto.

Mashine nazo zimepungua ukubwa. Watafiti wa Afrika Mashariki wanaopambana na magonjwa ya mihogo, wakiwemo Joseph Ndunguru wa Tanzania na Titus Alicai wa Uganda, pamoja na Laura Boykin aliyekuwa Australia, walibeba kifaa kinachoingia mfukoni na kuunganishwa na kompyuta ndogo. Katika kazi waliyoitangaza mwaka 2018, mkulima alipata jibu ndani ya saa 48, wakati zamani angengoja miezi. Baadaye walifanya kazi hiyo nchini Kenya, chini ya mti shambani, na jibu likatoka kwa saa chache. Uganda ni jirani. Kutoka Beni hadi mpaka wa Kasindi ni kilomita kama themanini. Ujuzi huo hauko mbinguni.

"Watu wanauawa, na nyinyi mnasema maboga?"

Swali hilo litaulizwa, na lina haki ya kuulizwa. Katika jimbo lenye wakimbizi wengi namna hii, pesa ya kwanza iende kwa usalama, hospitali na shule. Hakuna mtu mwenye akili atakayepinga.

Lakini njaa nayo ni adui anayeingia bila silaha, na historia ya eneo hili inaonyesha gharama ya kuchelewa kujua. Wazee wa Beni wanakumbuka kahawa ya robusta. Ugonjwa wa mnyauko wa kahawa ulitoka upande wa Isiro, ukashuka hadi Beni na Butembo, mikahawa ikakauka shamba kwa shamba, na mwaka 1993 ukathibitishwa ng'ambo ya mpaka, Uganda. Huko ulikuja kuua karibu nusu ya mikahawa ya robusta. Familia zilizosomesha watoto kwa kahawa zilibaki na kuni.

Kisha ikaja ndizi. Mwaka 2001 mnyauko wa bakteria ulionekana katika migomba ya Masisi, hapa hapa Kivu ya Kaskazini. Taarifa ya kisayansi iliyothibitisha ni bakteria gani ilitoka miaka kadhaa baadaye, tena ikiongozwa na Ndungo Vigheri wa Butembo. Jina lilipojulikana, ushauri ukawa mwepesi hata mtoto angeufuata: kata ua la dume kwa kijiti chenye panda, safisha panga kwa moto au kwa dawa ya kufulia kabla ya kugusa mgomba mwingine, ondoa shina lililougua peke yake. Hakukuwa na dawa ya kununua. Kilichookoa migomba ni kujua adui anapita wapi. Kila mwaka uliopita kabla ya hapo ulikuwa mwaka wa bakteria.

Mihogo nayo haikusalimika. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba virusi vya michirizi ya kahawia, vinavyoozesha muhogo ardhini huku majani yakionekana mazuri, vimethibitishwa Kongo. Mtu anang'oa muhogo akitegemea ugali, anakuta mti mkavu. Ugonjwa kama huo hautambuliwi kwa kupita barabarani na kutazama mashamba.

Mazao matatu ndani ya maisha ya mtu mmoja. Methali inasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Shambani hata asiyeficha anaumbuka, akiwa hana wa kumwambia anaumwa nini.

Kifanyike nini, na nani?

Hakuna anayeomba kila boga la Butembo lipelekwe maabara. Ingekuwa upuuzi na hasara. Kinachofaa ni kidogo na kinawezekana.

Kwanza, sehemu chache za kuchunguza zichaguliwe na zifuatwe kila msimu. Mpangilio wa ardhi unasaidia: Butembo iko juu, kwenye baridi, karibu mita 1,800, Beni iko chini, joto linazidi na vidukari pia, bonde la Semuliki liko chini zaidi. Majani ya maboga, matango, matikiti na mipapai yakikusanywa katika ngazi hizo tatu mara mbili kwa mwaka, baada ya miaka miwili jimbo litakuwa na ramani ya virusi vyake. Sampuli nyingi zinaweza kuwekewa alama na kusomwa pamoja kwa mara moja, na hapo ndipo bei inapopungua. Virusi vikishajulikana, vipimo vya kawaida vya bei nafuu vinatosha kuvifuata, kwa sababu sasa swali la kuuliza linajulikana.

Pili, wenye ujuzi wakae meza moja. UCG ina kitivo cha kilimo na watu waliokwisha kutafuta magonjwa ya ndizi na mipapai. INRB ina watu waliosoma jeni za Ebola. INERA ndiyo taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. SENASEM ina kazi ya kuchunga mbegu. Kila mmoja ana kipande cha kazi hii mkononi. Wizara ya Afya na Wizara ya Kilimo zina ofisi tofauti, lakini virusi havisomi kibao cha mlangoni. Nje ya siku za mlipuko, vijana waliofundishwa kwa gharama kubwa wasiachwe wasahau. Siku moja ya kusoma majani ni siku ya mazoezi kwa Ebola ijayo.

Tatu, kazi hii isitegemee Goma peke yake. Maabara ya INRB iliyozinduliwa huko mwaka 2020 ni nzuri, lakini tangu mwisho wa Januari 2025 mji huo uko mikononi mwa M23, na Butembo na Beni ziko upande mwingine wa mapigano. Mlolongo wa kazi unaotegemea barabara moja unakatika barabara ikikatika. Kuna karatasi maalumu ambazo jani linakandamizwa juu yake, likakauka, na maandishi yake ya jeni yakakaa bila barafu wala umeme; zinaweza kupita Kasindi ndani ya bahasha kama barua. Hiyo ni njia ya kuanzia, wakati kifaa kidogo cha kusomea kinatafutwa kwa ajili ya hapa.

Nne, na hili ndilo lisilopaswa kusahaulika: majibu yarudi. Taarifa ya mipapai ya 2008 iliandikwa kwa Kiingereza, katika jarida ambalo halifiki Mangina. Watafiti walifanya kazi yao, na waheshimiwe kwa hiyo. Lakini mkulima wa papaini hasomi Plant Pathology. Sampuli zinazoondoka bila majibu kurudi zinazaa maneno, na mji huu unajua maneno yanaweza kufika wapi: Februari 2019 vituo vya matibabu ya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya wiki moja. Wengi walikuwa wameona gari zikija kuchukua, hawakuona zikirudi kueleza. Majani ya maboga yanatoa nafasi ya kuanza vizuri. Hayamtishi mtu. Mama akileta jani Jumatatu, na baada ya muda uliopangwa akasikia redioni kwa Kiswahili na kwa Kinande jina la ugonjwa, njia yake na la kufanya, ataelewa maabara ni ya nani. Siku atakapoombwa kipimo cha damu, atakuwa na kumbukumbu nyingine.

Vyama vya wakulima vilivyo na makao Butembo, kama SYDIP na LOFEPACO ya wanawake wakulima, vina wanachama vijijini ambako hakuna ofisa wa serikali anayefika. Viwe ndivyo vinavyokusanya majani na vinavyorudisha majibu.

Wakati wa kungoja

Mkulima hawezi kungoja wakubwa wakubaliane. Kuna mambo yanayosaidia dhidi ya virusi vingi vya maboga, jina lijulikane lisijulikane.

Mbegu zisitolewe katika tunda lenye vinundu au mmea wenye majani ya mozaiki, hata kama ndilo tunda pekee lililokomaa. Afadhali kuomba kwa jirani. Mche ulioonyesha madoa ungali mdogo ung'olewe mara moja na kufukiwa, usitupwe kando ya shamba. Maboga mapya yasipandwe ubavuni mwa ya zamani yanayougua. Mistari ya mahindi kuzunguka kipande cha maboga inasaidia: kidukari anayefika anaonja mahindi kwanza, na kwa virusi vya kuonja-na-kuondoka mdomo wake unasafishika kabla hajafika kwenye boga. Wazee waliochanganya mahindi na maboga hawakuwa wajinga. Magugu ya jamii ya boga yanayotambaa kwenye ua yaondolewe, kwa sababu yanahifadhi virusi katikati ya misimu. Na pesa ya chupa ya dawa ya wadudu ikae mfukoni mpaka ajulikane mdudu anayetafutwa.

Hayo ni ya kujikinga gizani. Yanapunguza hasara, lakini hayamwambii mtu kama adui yuko ndani ya mbegu, juu ya mpapai au katika shamba la jirani. Jibu hilo linataka taa, na taa imeshawashwa mara moja mjini humu, kwa ajili ya ugonjwa ulioua watu zaidi ya elfu mbili. Hakuna sababu ya kuizima na kuingoja maafa mengine.

Msimu mkuu wa kupanda unaanza Agosti na Septemba. Katika nyumba nyingi mbika za mbegu zimeshaanikwa juu ya ungo, zinakauka. Zinatoka katika maboga ambayo hakuna aliyeyapima. Kabla hazijaingia ardhini, mji wenye chuo kikuu cha kilimo na watu waliosoma jeni za Ebola unapaswa kuwa na mtu angalau mmoja anayeweza kusema ndani yake kuna nini.